Aliyegeuza Mlima Anangoja Kushtakiwa

Saa mbili kasorobo asubuhi, Kaloleni, Nairobi. Pikipiki inaingia kwa kishindo kwenye ujia ulio kati ya nyumba za zamani za mawe, na Lydiah Mbaluka anaiacha nyundo yake hewani. Anasikiliza. Injini inazimwa karibu na mlango wake.

"Ni wa korti?" anauliza bila kugeuka.

"Hapana, mathe. Ni wa gesi."

Nyundo inashuka. Kipande cha chuma chembamba kama ukucha wa paka kinaruka na kuangukia kwenye leso aliyojifunga kiunoni. Anakipuliza, anarudisha tindo mahali pake, anaendelea kuchonga.

Watu wengi wa Eastlands wakisikia neno korti hutafuta mlango wa nyuma. Lydiah, mama wa miaka arobaini na saba, anaingoja kama wazee wanavyongoja mahari. Gauni la kuvaa siku hiyo limefuliwa, limepigwa pasi na kuning'inizwa nyuma ya mlango tangu mwezi wa nne. Si kwamba kuna mtu ambaye yeye anataka kumshtaki. Anachoomba ni ashtakiwe yeye.

Leo anachonga jogoo. Ni muhuri wa chuma wa kugonga chapa kwenye sufuria za mafundi wa Kamukunji, na malipo yake ni shilingi mia sita. Jogoo huyo akitazama kushoto ni sawa, akitazama kulia ni sawa, akitazama juu kama anayedai mvua pia atauzwa. Hakuna mpishi atakayemwuliza.

"Nilizoea kuchonga milima," anasema Lydiah, akimkwangua jogoo shingoni. "Huyu hata nikimfumba macho ataamka awike."

Alizoea, kweli. Kwa miaka sita mkono huu ulichonga mihuri ya sarafu za kumbukumbu za mbuga na hifadhi za taifa, kazi aliyopewa na kampuni moja ya zawadi za watalii iliyoko Industrial Area. Si sarafu za kununulia sukuma wiki. Ni za shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, kila moja imelazwa ndani ya kasha lenye kitambaa cha buluu, na mtalii huinunua shilingi elfu moja na mia nane ili akifika kwao awe na kitu cha kuwaonyesha waliobaki.

Alichonga sarafu tisa. Mnara wa mwamba wa Hell's Gate. Shimo la volkano la Longonot. Mapango ya Elgon. Chemchemi za Mzima, na kiboko akichungulia kama mpangaji anayemsikia mwenye nyumba. Muhuri mmoja ulimchukua siku tisa hadi kumi na mbili, akalipwa elfu nne na mia tano.

"Yule kiboko nimemchonga mpaka nikajua meno yake," anasema. "Mwenyewe hatujaonana."

Hajawahi kuingia mbuga yoyote. Hata ile ya Nairobi, ambayo ni mwendo wa gari mbili kutoka hapa, anaifahamu kwa ua wake tu. Simba aliyemchonga alitoka kwenye kalenda ya duka la dawa.

Ufundi aliurithi. Baba yake, marehemu Mbaluka, alikuwa katika karakana ya reli akichonga namba na herufi za chuma, zile zinazogongwa kwenye vipuri ili kisipotee kipuri cha mtu. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani iliyokufa kabla yake. Kilichobaki na uhai ni sanduku la herufi ishirini na sita za kugongea mihuri, kila moja imechongwa sawa kwenye ncha ya chuma, ili ukiigonga kwenye muhuri ikae kinyume, na muhuri uitoe sawa.

"Baba aliniambia herufi hizi hazikosei hata ukizigonga ukiwa umelewa," anasimulia. "Alijua, kwa sababu alishajaribu."

Kwa hiyo maandishi ya sarafu hayakumpa taabu. Kazi ilikuwa picha. Muhuri lazima uchongwe kinyume: cha kulia kikae kushoto, cha kushoto kulia, ndipo sarafu itoke sawa. Wenye pesa hutumia mashine. Lydiah alitumia sambusa.

Hapa anaingia Habon, jirani wa ukuta mmoja, anayekaanga sambusa barazani na kuzipeleka Eastleigh kila adhuhuri. Lydiah hununua kwake karatasi nyeupe iliyokwisha kulala chini ya sambusa, ikanywa mafuta mpaka ikawa unaona mkono wako ng'ambo. Huiweka juu ya picha, akaifuata kwa kalamu, kisha akaigeuza, na tazama, mlima umekwisha kuwa kinyume bila mashine wala umeme. Kilichobaki ni kutoboa mistari kwa sindano juu ya chuma na kuanza kuchonga.

"Kampuni nzima inategemea mafuta yangu," Habon hupenda kusema. "Siku nikianza kuchemsha maharagwe, utalii umekwisha."

Karatasi hiyo ina ubaya mmoja. Ikishalowa mafuta haina mgongo wala tumbo. Pande zote mbili ni sawa.

Miaka miwili iliyopita kampuni iliagiza Mlima Kenya, na kwa haraka. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Jumatano ndiyo siku ya maji ya mgao kwenye mfereji wa ujiani. Lydiah alikuwa ameshaichora karatasi na kuigeuza juu ya chuma, sindano iko mkononi, Habon alipopiga kelele akimwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Kate, maji! Na wa nyumba ya saba wameshaweka mitungi kumi na mbili!"

Akatupa sindano, akakimbia. Alirudi baada ya saa nzima, mgongo unauma na mitungi minne imejaa, akaikuta karatasi sakafuni. Upepo ulikuwa umepita. Akaiokota, akajiambia, lo, sijaigeuza bado. Akaigeuza.

Akachonga siku kumi juu ya kosa hilo, na akachonga vizuri kuliko alivyowahi kuchonga kitu.

Kila muhuri ukiisha, Lydiah huujaribu kwenye sabuni ya mche. Anaugonga mara moja, anautoa, na picha inabaki imesimama kwenye sabuni kama itakavyosimama kwenye sarafu. Siku hiyo aliyetumwa kuchukua muhuri, kijana aitwaye Griffins, alikuwa mlangoni na pikipiki inanguruma. Lydiah akagonga, akatazama maandishi. Jina la mbuga limesimama sawa. Chini ya mlima, kwa herufi ndogo kama alivyoagizwa: NARO MORU, mahali picha ilipopigwa. Limesimama sawa pia.

"Nikiona maandishi yamekaa, najua kila kitu kimekaa," anasema sasa, na kicheko chake hakifiki machoni. "Mlima sikuujua. Ningejuaje kwamba umenipa kisogo?"

Muhuri ukaenda. Sabuni ikaenda mferejini, maana katika nyumba hii sabuni ya majaribio haitupwi. Mwanawe Kate amesoma shule ya msingi yote akifuliwa sare kwa mapango, maporomoko na vifaru.

Huko mferejini ndiko kosa lilikogunduliwa. Njogu ni bawabu wa ukumbi wa mtaa, mtu mfupi, mwenye hasira za bure, aliyewabebea watalii mizigo Mlima Kenya kwa miaka kumi na tisa mpaka magoti yakakataa. Aliiokota sabuni kwenye saruji, akaipangusa povu.

"Nani ameufanyia mlima wa watu hivi?"

"Hivi vipi?" Lydiah akauliza.

"Lenana, kile kilele kidogo, iko huku. Ukiwa Naro Moru, Lenana huwa mkono wa kulia. Hapa iko kushoto. Mama Kate, umewatuma watu wakatembee hewani."

Lydiah alirudi nyumbani, akaichukua ile karatasi na picha, akaviweka pamoja. Akakaa chini palepale alipokuwa ameiokota karatasi.

Alitaka kupiga simu kampuni. Habon akamwuliza swali moja: wakikufukuza, utachonga nini? Simu akairudisha mfukoni. Sarafu mia tano zikagongwa, zikauzwa. Kwa miaka miwili alishtuka kila pikipiki ilipoingia ujiani, akijua sasa limejulikana.

Halikujulikana. Watu mia tano walibeba mlima uliogeuka, wakauweka makabatini mwao Ulaya na kwingineko, na hakuna aliyejikwaa. Hata wenye kampuni, ambao wana picha yake ukutani upana wa kitanda, hawakuona.

Mapema mwaka huu ukaja ujumbe uliokuwa na uwezo wa kubadilisha maisha ya mtu mmoja. Chama cha wakusanyaji sarafu cha ng'ambo kilizipenda zile tisa. Kiliona ni kazi ya mkono, kikataka mkono uleule uchonge seti mpya ya sarafu sita, na jina la mchongaji ligongwe ukingoni mwa kila sarafu. Mjumbe wao angekuja Nairobi kumwona mchongaji huyo.

Habari hiyo Lydiah hakuipata kwa kampuni. Aliipata kwa Griffins, aliyekuja na salio la malipo ya muhuri wa tisa akiwa amevaa tai.

"Tai ya nini? Unaoa?" Lydiah akamtania.

Kijana akaitazama tai yake kama imemng'ata. "Mathe, usinikasirikie. Mjomba amewaambia mchongaji ni mimi."

"Mchongaji wa nini?"

"Wa zote. Kwa kompyuta. Hata kwenye vile vyeti vya ndani ya kasha ni jina langu. Tangu mwanzo."

Lydiah hakuwahi kufungua kasha. Hakuwa na elfu moja na mia nane ya kujinunulia kazi yake mwenyewe. Mjomba anayetajwa ni Mugo, meneja, na Griffins, kwa ukweli wote, hajui hata kunoa kisu.

Mtu mwingine angelia. Lydiah alilia pia, lakini alianza kwa kutafuta ushahidi. Mkataba hakuwa nao, kazi zote ziliagizwa kwa mdomo. Malipo yalikuwa ya mkononi. Picha zilikuwa kwenye simu iliyonyakuliwa Muthurwa. Sabuni zilizobeba sura za mihuri tisa zilikuwa zimekwisha zamani.

"Ushahidi wangu wote tuliufulia nguo," anasema.

Ndipo akakumbuka kwamba kuna kitu kimoja ambacho hakuna mwingine angeweza kukifanya duniani. Kosa lake.

Siku ya mjumbe, Lydiah alifika ofisini bila kualikwa, Habon upande mmoja na Njogu upande wa pili akiwa amevaa koti lake la mlimani, ingawa jua lilikuwa linachoma. Mjumbe alikuwa mama wa makamo aliyekaa Mombasa miaka mingi na kuzungumza Kiswahili safi. Mugo alipowaona aliinuka na tabasamu tayari.

"Huyu ni Mama Kate, hutusaidia kupiga sarafu rangi," akasema. "Mama Kate, leo tuna wageni."

"Hata mimi ni mgeni," Lydiah akajibu. "Nimekuja kumwuliza mchongaji swali moja. Griffins mwanangu, kwa nini Mlima Kenya umeuchonga kinyume?"

Mjumbe akafungua kasha, akaitoa sarafu, akaitazama, akautazama ule mlima wa ukutani. Wote waliokuwemo wanasema aliitazama mara tatu.

Griffins akamtazama mjomba wake. Mugo akajikohoza. "Hiyo ni picha kutoka upande wa pili, wa Meru," akasema. "Kijana ni mbunifu."

"Na hapa chini pameandikwa nini?" Njogu akauliza, na sauti yake si ya kuuliza. "Soma, meneja. Au miwani iko Meru?"

Pameandikwa NARO MORU.

Lydiah akaeleza, kwa utaratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kompyuta ikigeuza kazi hugeuza yote pamoja, mlima na herufi zake. Sarafu hii herufi zimekaa sawa na mlima umegeuka. Kosa la namna hiyo ni la mtu anayegonga herufi za chuma peke yake na kuchora picha peke yake, kwenye karatasi isiyo na mgongo wala tumbo, siku ya maji. Akatoa karatasi yenyewe mfukoni. Habon akathibitisha mafuta ni yake. Herufi za marehemu babake zikamwagwa mezani, na ile N yenye mguu uliochubuka ikalingana na N ya sarafu kama unyayo na mguu wake.

Griffins akaivua tai. "Ni yeye," akasema. "Mimi huchukua tu na kupeleka."

Hapo, katika hadithi nyingine, watu wangepiga makofi.

Mjumbe alimshika Lydiah mkono, akamwambia ameamini, kazi zote tisa ni zake. Kisha akasema ana shida. Chama chake kilikuwa kimenunua mlima huo kwa wanachama zaidi ya themanini. Sasa itabidi awaandikie kwamba walichonacho kina kasoro, na baada ya barua hiyo hawezi kuwaambia tena kwamba mkono uliokosea ndio uliochaguliwa. Agizo la sarafu sita limesimamishwa. "Tutawasiliana," akasema. Miezi minne imepita, na hawajawasiliana.

Kwa hiyo Lydiah alithibitisha kuwa yeye ndiye, na kwa uthibitisho huohuo akaikosa kazi. Angenyamaza, asingeipata. Aliposema, akaikosa pia. Ukitafuta palipokuwa na mlango, unakuta ukuta ulikuwa mzima tangu mwanzo.

"Watu wananiuliza kama najuta," anasema. "Nawaambia, walioficha jina langu wana magari. Mimi niliyesema ukweli nina jogoo. Sasa unataka nijute kwa lugha gani?"

Wiki tatu baada ya siku ile ya ofisini, pikipiki ikaleta bahasha. Ni barua ya kampuni, ina nembo, muhuri na sahihi ya Mugo. Lydiah amewahi kuchonga nembo hiyo, hivyo aliitambua kabla ya kufungua. Barua inamtaka alipe laki tisa, thamani ya sarafu mia tano, kwa uzembe, katika siku thelathini, la sivyo atafikishwa mahakamani.

Habon aliisoma, akaanza kumtukana Mugo kwa lugha mbili. Njogu alisema wahame. Lydiah aliomba wanyamaze, akarudia mstari wa tatu kwa sauti, polepole, huku kidole chake kikifuata kila neno: "Wewe, Lydiah Mbaluka, mchongaji wa sarafu zetu zote tisa za hifadhi za taifa."

Miaka sita, na ilikuwa mara ya kwanza jina lake na kazi yake kukaa kwenye karatasi moja. Ilibidi wamdai ndipo wamtaje.

Alipeleka barua ile kwenye duka la fotokopi karibu na Makongeni, ikafunikwa plastiki pande zote mbili ili isije ikalowa mafuta. Kisha akaandika jibu, mstari mmoja, kwa mwandiko wa kalamu: Silipi, nishtakini.

Siku thelathini zilipita. Zikapita sitini. Kampuni imenyamaza, na sababu si huruma. Langoni mwa mbuga makasha bado yanauzwa, na cheti kilichomo ndani bado kinasema mchongaji ni Griffins. Wakimpeleka Lydiah mahakamani watalazimika kusimama mbele ya hakimu, waape, na kusema ni nani hasa aliyechonga. Wakiapa ni yeye, vyeti vyote ni uongo. Wakiapa si yeye, hawamdai hata ndururu.

"Mimi wakili sina, na hela ya kuwashtaki wao sina," anaeleza Lydiah, akimgeuza jogoo wake kwenye jiliwa linalombana. "Lakini wakinishtaki wao, korti itaandika. Kate atakuwa na karatasi ya serikali inayosema mamake alifanya nini. Hiyo tu ndiyo naitaka. Laki tisa hata wakinikamua kama limau hawataipata, kwa hiyo hapo sina hofu."

Ana mpango mwingine, mdogo. Desemba, akipata jogoo wa kutosha, atapanda gari na Njogu mpaka Naro Moru, wafike kabla ya mawingu. Njogu ameahidi kumwonyesha kila kilele kwa jina na upande wake, kwa sharti kwamba asimwulize habari za magoti.

"Nitaenda nisimame mbele yake," anasema. "Nautazama, unanitazama. Tuone ni nani aliyemgeuka mwenzake."

Anaugonga muhuri wa jogoo kwenye kipande cha sabuni, anautoa, anautazama. Jogoo ametoka vizuri, kifua mbele, anatazama mlangoni.

Ujiani, pikipiki nyingine inaingia. Lydiah anapangusa mikono kwa leso, anaweka nywele zake sawa, na safari hii anasimama kabisa.

"Ni wa korti?"

"Ni mimi, mathe," sauti ya Griffins inajibu kutoka nje. Alifukuzwa kazi mwezi wa tano na sasa anabeba abiria. "Nimepita tu kuuliza kama wameleta."

"Bado."

"Wakileta, nitakupeleka bure."

"Uje na ile tai," anasema Lydiah, na anarudi kuketi kwa jogoo wake.